Sentimita moja ya Ziwa Victoria

Mei 2020, kipimo cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42. Rekodi iliyovunjwa, ya 1964, ilikuwa mita 13.41. Ukisimama Kamanga, Mwanza, ukaona mawimbi ya kivuko yanavyopiga gati, sentimita 1 ni kichekesho. Lakini ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sentimita hiyo ni maji ya mita za ujazo milioni 688 hivi. Kipimo kinawekwaje sawa hadi kiaminike kiasi hicho?

Tuchukue kipimo cha boya. Boya huelea ndani ya bomba la wima lenye tundu dogo chini, ili mawimbi yasilisumbue. Utepe wa chuma umeshika boya, ukapita juu ya kapi, na upande wa pili umening'iniza uzito wa kuukaza. Kapi likizunguka, kihisi hubadili ukinzani wake, nacho kisanduku cha ishara hutoa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Masafa ya kipimo yakiwa mita 5, sentimita 1 ni miliampia 0.032 tu. Kosa la asilimia 0.2 ya masafa linatosha kuifuta rekodi ya 2020.

Kazi huanzia karakanani. Utepe huwekwa kwenye alama ya sifuri, skrubu ya sifuri ikazungushwa hadi kipima mkondo kisome 4.00. Kisha utepe husogezwa hadi mita 5, na skrubu ya upeo ikarekebishwa hadi 20.00. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Katika visanduku vingi vya skrubu, kugusa upeo huvuta na sifuri. Ukirudi chini ukakuta 4.06, tayari umepotea karibu sentimita 2. Unarekebisha tena, juu na chini, hadi ncha zote mbili zitulie.

Halafu huja alama za kati: mita 1.25, 2.5 na 3.75 zinapaswa kutoa 8, 12 na 16. Zisomwe utepe ukipanda, zisomwe tena ukishuka. Mita 2.5 ikisoma 12.02 kwenda na 11.97 kurudi, utepe unateleza au kapi limelegea. Ugonjwa huo hautibiwi kwa bisibisi ya kisanduku.

Hata hivyo, karakana inathibitisha tu boya limesogea kiasi gani. Maji yako wapi ni swali la mpimaji ardhi, anayeunganisha sifuri ya kipimo na alama ya kimo isiyotikisika. Kwa hilo Mwanza imejaliwa: alama iliyochongwa kwenye mwamba wa asili haititii kama nguzo ya gati.

Mwisho, alfajiri kabla ya upepo, ubao wa kimo cha maji na kisanduku husomwa kwa dakika ileile. Vikitofautiana, kwanza andika tofauti na saa yake. Ukikaza skrubu kabla ya kuandika, umefuta ushahidi wa lini kipimo kilianza kudanganya.