Fonti na Umbo la Shairi: Starehe ya Msomaji wa Kitabu cha Kielektroniki kama Suala la Kifani

Utangulizi

Kitabu kilichochapwa humfikia msomaji kikiwa kimekwisha kuamuliwa. Aina ya herufi, ukubwa wake, upana wa ukurasa na mahali unapokatika mstari ni mambo yaliyokwisha kukubaliwa baina ya mwandishi, mhariri na mpiga chapa. Kitabu cha kielektroniki hakifanyi hivyo. Chenyewe humkabidhi msomaji mamlaka hayo yote na kumtaka achague fonti inayomstarehesha. Aghalabu uchaguzi huo huchukuliwa kuwa ni suala la macho tu, lisilomhusu mhakiki wa fasihi. Makala haya yanadai kinyume chake: kwamba uchaguzi wa fonti ni sehemu ya fani, na kwamba katika ushairi wa Kiswahili waweza kuibadilisha matini yenyewe inayohakikiwa.

Nadharia ya Bilauri

Dhana ya kwamba herufi nzuri ni ile isiyoonekana ina historia yake. Mnamo mwaka 1930, jijini London, Mmarekani Beatrice Warde alitoa mhadhara mashuhuri ambamo alizifananisha herufi za chapa na bilauri angavu: kazi yake ni kukidhihirisha kinywaji, si kujionyesha zenyewe. Fonti nyingi za vitabu zimeundwa kwa imani hiyo. Hata hivyo, hakuna fonti isiyo na mazingira yake. Times New Roman, iliyoanza kutumiwa na gazeti la The Times mwaka 1932, ilikusudiwa safu nyembamba za gazeti. Georgia ya Matthew Carter, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, iliundwa kwa ajili ya vioo vya kompyuta vya wakati ule, ambavyo havikuweza kuonyesha maumbo membamba. Bookerly ya Amazon na Literata ya Google, zote za mwaka 2015, ziliundwa mahsusi kwa ajili ya vitabu vya kielektroniki.

Kila bilauri, basi, ilifinyangwa kwa kinywaji fulani. Swali linalompasa mhakiki wa Kiswahili ni kama bilauri hizo hubaki angavu zinapotiwa kinywaji chake.

Herufi na Lugha

Mifano michache yatosha kuonyesha kwamba jibu si jepesi. Katika fonti nyingi zisizo na vikia, yaani vile vijistari vidogo kwenye ncha za herufi, I kubwa na l ndogo hulingana kabisa. Mwingereza hukutana na tatizo hilo mara chache. Msomaji wa Kiswahili hukutana nalo kila sentensi inapoanza kwa "Ili", "Ilikuwa" au "Ilhali", ambapo neno hugeuka safu ya vijiti vilivyosimama. Aidha, katika fonti iliyobanwa, r na n zikikaribiana huonekana kama m, na hapo "karne" husomeka "kame". Hilo si kosa la tahajia litakalojisahihisha machoni pa msomaji, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali ya Kiswahili. Vivyo hivyo, palipo na ritifaa iliyofifia, "ng'oa" hukaribia "ngoa", na kitendo cha kung'oa hugeuka kuwa tamaa au wivu.

Tatizo la pili ni la silabi. Maneno ya Kiswahili hurefushwa na viambishi, na kwenye kioo chembamba neno kama "walivyowasimulia" huweza kumeza nusu ya mstari. Programu ikilazimishwa kunyoosha kingo za pande zote mbili, huacha mapengo makubwa kati ya maneno. Ikiruhusiwa kukata maneno, na kitabu kisipotambulishwa kuwa ni cha Kiswahili, huweza kufuata kanuni za Kiingereza na kutenganisha m na b katika "kitambo", ilhali silabi za neno hilo ni ki-ta-mbo. Msomaji wa nathari atakwazika kidogo na kuendelea. Kwa mwanafunzi anayejifunza kuhesabu mizani, hata hivyo, mkato huo ni fundisho potofu.

Mshororo na Upana wa Kioo

Ni katika ushairi ambapo starehe ya macho na umbo la kazi hugongana waziwazi. Riwaya hustahimili fonti yoyote: aya ya Kusadikika (1951) haipotezi chochote mistari yake ikikatika penginepo. Mshororo wa shairi hauko hivyo. Tuseme pana mshororo wa kubuni wa mizani kumi na sita:

Taa imezimwa ndani, na nje kungali mchana

Ukwapi unaishia kwa kina "ni", utao kwa kina "na". Msomaji akikuza herufi kwenye simu yake, mshororo huohuo hujitokeza hivi:

Taa imezimwa ndani, na nje
kungali mchana

Kina cha kati kimezama katikati ya mstari, na "nje" imepewa nafasi ya kina isiyo yake. Mwanafunzi anayeulizwa bahari ya shairi huanza kwa kuhesabu mishororo, na ubeti wa tarbia sasa una mistari minane. Akitazama mstari wa mwisho, atauona ni mfupi, na atashawishika kudai kwamba shairi ni la msuko, ingawa ufupi huo umeletwa na kidole chake mwenyewe. Uhakiki wake wa fani utakuwa uhakiki wa kioo cha simu.

Yaweza kujibiwa kwamba umbo la ushairi wa Kiswahili limewahi kubadilishwa kabla ya hapo. Jibu hilo lina uzito. Katika miswada ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi wenye vipande vinne uliandikwa aghalabu katika mstari mmoja mrefu. Ni wachapishaji wa hati za Kirumi walioupanga katika mistari minne mifupi. Hata hivyo, wanukuzi wale waliviwekea vipande alama za kuvitenga, hata mpaka wa kipande usitegemee upana wa karatasi. Programu ya kusomea, inapoukata mshororo, haiweki alama yoyote ya kutofautisha mkato wake na mkato wa mshairi.

Mapokeo na Mabadiliko

Mgogoro wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko wapata hapa sura ambayo haikutarajiwa. Shairi la arudhi lina kinga yake. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Vina na mizani havikuhitaji ukurasa mzuri. Msomaji mwenye sikio lililozoea ataweza kuurejesha mshororo uliovunjwa, kwa kuwa sheria yake imo ndani ya sauti.

Shairi huru halina kinga hiyo. Katika diwani kama Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi, mwisho wa mstari ni uamuzi wa mshairi, na hakuna hesabu ya mizani wala mfululizo wa vina utakaouthibitisha mkato huo ukishapotea. Mshata uliokusudiwa kumsimamisha msomaji hauwezi kutofautishwa na mkato uliosababishwa na ukubwa wa herufi. Ushairi ulioasi kanuni za sikio ndio ulioutegemea ukurasa zaidi, na ndio unaohasirika zaidi ukurasa unapoyeyuka.

Hitimisho

Haifuati kwamba msomaji anyimwe uhuru wa kukuza herufi. Kwa mwenye macho dhaifu, uhuru huo ndio mlango wa pekee wa kuingilia kitabuni, na hakuna fani inayostahili kulindwa kwa kumfungia nje. Linalodaiwa ni kwamba starehe isichukuliwe kuwa haina gharama. Mchapishaji wa diwani ya kielektroniki anapaswa kuyasogeza ndani mabaki ya kila mshororo uliokatika, ili yatambulike kuwa ni mabaki. Anayechagua fonti ya kusomea Kiswahili aipime kwa maneno "Ili", "karne" na "ng'oa" kabla ya kuipima kwa uzuri wake. Mhakiki naye, kabla ya kutoa hukumu juu ya mishororo, abainishe ameisoma matini ya aina gani, na ikiwa ni ya kioo, ailinganishe na chapa ya karatasi. Pasipo hilo, uhakiki wa fani utaendelea kumsifu au kumlaumu mshairi kwa mistari ambayo hakuiandika.