Suparinpei Haikuwa Yake

Mliokuwepo ukumbini Jumamosi ile, kwenye mtihani wa mkanda mweusi, mliona wenyewe. Mtahiniwa wa tatu, yule binti mwenye mkanda wa kahawia uliochakaa hadi nyuzi nyeupe zinachungulia, alisimama katikati, akainama, akataja kata yake kwa sauti ya kujiamini: Suparinpei. Mzee aliyekaa jirani yangu akashusha pumzi. Hatua tatu baadaye shodan yake, dan ya kwanza, ilikuwa imekwenda, ingawa yeye aliendelea kupambana saa nzima zaidi. Kosa si lake. Ni la mwalimu aliyembadilishia kata wiki sita kabla ya mtihani.

Twende taratibu kwenye hizo hatua tatu, maana ndizo mtihani wenyewe. Suparinpei ni kata ndefu kuliko zote za mtindo wetu wa Goju-Ryu, na jina lake ni hesabu ya Kichina, 108. Watu wanaiogopa kwa urefu, wanasahau mlango wake. Inaanza kwa hatua tatu za sanchin-dachi: uke (kinga) ya mikono miwili, vuta ngumi, piga, rudisha uke. Ni zile zile za Sanchin, kata yetu ya msingi. Kabla hujafika kwenye mapambo yoyote, kata imeshamwonyesha mtahini kama una msingi au huna.

Hatua ya kwanza, mguu wa kulia ulichora nusu duara vizuri, ukatua vibaya. Vidole vilitazama mbele badala ya kuelekea ndani. Kisigino cha mguu huo kilitakiwa kiwe sawa na ncha ya kidole gumba cha mguu wa nyuma. Kilipita kwa upana wa kiganja. Msimamo ukawa mrefu, goti la nyuma likanyooka, nyonga ikabaki nyuma. Hatua ya pili, alipovuta ngumi, bega lilipanda na kiwiko kikaachana na mbavu. Hatua ya tatu ikaja pumzi: ilitoka kooni kwa mkoromo mkubwa, na ngumi ilikuwa imeshafika wakati pumzi bado iko njiani. Katika Sanchin vitu hivyo viwili vinafika pamoja, vinakaza pamoja tumboni. Mtahini wa katikati akaweka kalamu mezani. Hakuiokota mpaka kata ilipoisha.

Kinachoniuma ni kwamba binti huyu ana kata yake, na kila anayefuatilia karate ya mji huu anaijua. Ana Seiyunchin. Anaicheza mwaka wa tatu sasa. Shiko-dachi yake inakaa chini kama kigoda, haipandi wala haishuki anapobadilisha pembe, na mikono yake inavuta kweli, unamwona mtu anayevutwa hata kama hayupo. Ile ndiyo kata ya kuingia nayo kwenye mtihani wa mkanda mweusi: imezoeleka mwilini, na uchovu hauigusi.

Sasa kwa nini ikaachwa? Nilimuuliza mwalimu wake nje ya ukumbi, akanijibu bila kuficha. Seiyunchin haina teke hata moja. Siku ile kulikuwa na wageni, viti vimevishwa vitambaa, simu zimeinuliwa; alitaka watu waone kitu kikubwa. Nimeliandika hili mara nyingi na nitaliandika tena: mtihani si onyesho. Tangu tuanze kuhamisha mitihani kutoka dojo kwenda kumbi za kukodi, watahiniwa wetu wamekuwa wakiandaliwa kwa ajili ya watu wasiojua wanachokitazama. Wale watahini watatu mezani wanaojua, tunawasahau. Na vijana nao wamemtazama Ryo Kiyuna akichukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021, wakaondoka na ile sauti ya pumzi na ule uso mkali. Miaka aliyoitumia chini ya Tsuguo Sakumoto huko Okinawa haionekani kwenye video.

Tupige hesabu. Wiki sita kwa mazoezi matatu kila wiki ni mazoezi 18. Suparinpei ina mizunguko ya pande nne na mabadiliko ya pembe yanayofanana mpaka yanachanganya. Hata mtu anayejifunza haraka atatumia mazoezi yote 18 kukumbuka ageukie wapi, na ndivyo ilivyokuwa. Binti hakupotea njia hata mara moja, alikariri embusen, njia ya kata, yote. Lakini kila dakika ya kukariri ilikatwa kwenye Sanchin, nayo Sanchin ikalegea.

Mazoezi hayo 18 yalipaswa kufanya kazi nyingine. Kila siku yangeanza na Sanchin, na mwalimu angepita nyuma kufanya shime: kiganja kizito mabegani, vidole chini ya kwapa kuona kama msuli umeshuka, mguu kusukuma paja kuona kama unyayo unang'oka. Halafu Seiyunchin mara tatu: ya kwanza polepole, ya pili kwa kasi yake, ya tatu baada ya raundi tano za kumite (mapambano), miguu ikiwa haina kitu. Hayo ndiyo maandalizi, na hayahitaji mgeni hata mmoja.

Wazee walilijua hili. Kanryo Higaonna, aliyerudi Naha na Sanchin kutoka Fuzhou, aliwashikilia wanafunzi wake kwenye kata hiyo moja kwa miaka kabla ya kuwafungulia nyingine. Mwanafunzi wake Chojun Miyagi ndiye baba wa Goju-Ryu, na alifariki mwaka 1953 bila kumpa mtu yeyote mkanda mweusi. Hapa kwetu, Nantambu Camara Bomani, yule Mmarekani mweusi, alituletea Goju-Ryu Dar es Salaam miaka ya 1970. Waliopita mikononi mwake pale dojo ya Zanaki, wale niliowahi kusimama nao mstari mmoja, ungewasukuma katika Sanchin ukaumia mkono wewe. Sikumbuki hata mmoja wao aliyeniuliza kata ipi inapendeza.

Turudi kwa binti. Mengine yake yalikuwa sawa: kihon (mbinu za msingi) safi, bunkai (maana ya kata) inaeleweka, na kumite alisimama raundi zote bila kurudi nyuma.

Jopo halikukosea kumwambia arudi baada ya miezi sita. Lilikosea kumwita peke yake mbele ya meza. Nimekaa kwenye mitihani mingi, na bado sijaona mwalimu akisimamishwa kando ya mwanafunzi wake aeleze kwa nini alimpa kata ile.

Kwa walimu wenye watahiniwa wa duru ijayo: kesho jioni, kabla ya kitu chochote, mwambie mwanafunzi wako atembee hatua tatu za sanchin-dachi mbele yako, na wewe uchuchumae uangalie visigino. Zikikaa, mpe kata aliyoizoea na umwache aimalize. Zikiyumba, umeshajua wiki zako sita zinakwenda wapi.