Maelezo ya zana kama matini

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya na mashairi, na kuwaachia mafundi matini ya kiufundi. Mgawanyo huo haufai tena. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza utaratibu uitwao Model Context Protocol, unaounganisha programu za akili bandia na zana za nje. Zana hutambulishwa kwa jina, maelezo na orodha ya mambo yanayotakiwa. Kwa kawaida programu haioni undani wa zana. Huichagua kwa kusoma maneno hayo tu.

Tuchukue mfano wa zana iliyoelezwa hivi: «Hupanga mtihani. Taja tarehe na saa.» Sentensi ni sanifu, lakini maana imetawanyika. 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mkongomani, na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani. Saa mbili asubuhi ya Mswahili ni 08:00 ya Mfaransa. Tena Lubumbashi huitangulia Kinshasa kwa saa moja. Karani angeuliza, programu huenda ikakisia, na wanafunzi wakakuta mtihani umekwisha.

Maelezo bora yangesema: «Hupanga mtihani mpya; haibadilishi uliokwisha kupangwa. Tarehe: mwaka-mwezi-siku. Saa: 00:00 hadi 23:59, kwa majira ya Lubumbashi.» Nyongeza hiyo si mapambo. Inaweka wazi yale ambayo wenyeji huyajua bila kuambiwa. Kwa hiyo tunaona kwamba kazi hii yamhitaji mwanaisimu sawa na fundi.