Medusa Afungua Duka la Sanamu

Kumvisha mungu wa kale suruali ya jinzi ni kazi ya dakika tano. Mwandishi yeyote anaweza kumpandisha Zeus kwenye lifti, akampa Hermes simu ya mkononi, kisha akatangaza kwamba amekiandika upya kisasili cha Kigiriki. Ugumu uko kwingine: kumchukua mhusika ambaye habari zake zilianza kuandikwa yapata miaka 2,700 iliyopita, kumleta kando ya barabara ya lami, na bado yule anayemfahamu tangu zamani aseme, "Ndiye huyu huyu."

Kwa kazi ya namna hiyo, riwaya za vijana za Rick Riordan zinastahili kusomwa taratibu. Riordan alifundisha Kiingereza na historia kwa takriban miaka 15 huko Marekani, San Antonio na San Francisco. Jioni alikuwa akimsimulia mwanawe visa vya Wagiriki. Mtoto huyo alikuwa na disleksia na tatizo la kutulia na kumakinika, na visa hivyo ndivyo vilivyomshika. Hazina ya baba ilipokauka, mtoto akadai visa vipya, na baba akabuni mvulana wa miaka 12 wa New York aitwaye Percy Jackson, ambaye naye herufi zinamchezea machoni na hawezi kukaa kimya darasani. Kitabu cha kwanza, The Lightning Thief, kilitoka mwaka 2005, na vinne vingine vikakamilisha mfululizo huo kufikia 2009.

Tumtazame Medusa kwanza, maana ndiye anayeonyesha mkono wa fundi kwa uwazi zaidi. Kwa Hesiodo, Medusa ni mmoja wa dada watatu, na peke yake ndiye anayeweza kufa. Poseidon analala naye kwenye majani laini, kati ya maua ya masika. Karne nyingi baadaye mshairi wa Kirumi Ovid anasimulia kwa uchungu zaidi: Medusa alikuwa msichana mwenye nywele za kutamaniwa, mungu wa bahari akamnajisi ndani ya hekalu la Athena, na adhabu ikamwangukia yeye aliyetendewa. Nywele zikageuka nyoka, na kila aliyemtazama akawa jiwe.

Riordan anajiuliza swali ambalo washairi wale hawakuwa na haja nalo: mwanamke wa hali hiyo, akiishi leo, angekula nini? Jibu linachekesha, kisha linatia baridi mwilini. Angeuza sanamu. Malighafi yake inamjia kwa miguu yake yenyewe. Basi kando ya barabara ya New Jersey kuna duka la sanamu za kupambia bustani, mwenyewe akijiita Aunty Em. Watoto watatu waliochoka na wenye njaa wanavutwa na harufu ya baga. Kibao cha dukani kimeandikwa kwa taa za rangi, na Percy, kwa disleksia yake, hawezi kukisoma. Grover, rafiki yake mwenye miguu ya mbuzi, ndiye anayemsomea. Mama mwenye duka amevaa gauni refu jeusi na shela usoni. Anawaandalia chakula bila kudai senti. Anaeleza kwamba katika kazi yake kinachosumbua zaidi ni sura, kuzipata vizuri. Msomaji asiyejua kisasili anadhani ni manung'uniko ya mchongaji. Anayejua, baga inamkwama kooni: sura zote pale dukani ni za watu walioshtuka.

Halafu anaomba kuwapiga picha. Hapo ndipo ninapofunga kitabu kidogo nipate kumpongeza mwandishi. Katika maisha yetu ya kila siku, ni nani mwingine anayeweza kukuambia usimame, utulie, umtazame moja kwa moja, nawe ukatii huku unatabasamu? Ni mpiga picha tu. Riordan hakuongeza kamera ili hadithi ionekane ya kisasa. Ameipata desturi yetu moja ambayo tayari ilikuwa na umbo la Medusa, akamkabidhi mwenyewe aitumie.

Pambano linalofuata limesukwa kwa hesabu. Katika kisasili, shujaa Perseus anakwenda kwa Medusa akiwa amesheheni zana: ngao inayong'aa, kofia ya kumfanya asionekane, viatu vyenye mabawa, upanga wa mundu. Shujaa mmoja, vifaa vyote vyake. Riordan anavigawa vifaa hivyo kwa watoto watatu. Kofia ni ya Annabeth, binti wa Athena, nayo ni kofia ya besiboli aliyopewa na mama yake. Viatu ni raba zenye mabawa zilizo miguuni mwa Grover. Upanga ni wa Percy, umejificha ndani ya kalamu. Mahali pa ngao panachukuliwa na tufe la kioo lililokuwa likiuzwa palepale dukani, na Percy anapiga huku akitazama taswira humo. Hakuna hata mmoja ambaye angemshinda Medusa peke yake. Ushujaa wa mtu mmoja umekuwa ushujaa wa marafiki, na badiliko hilo kubwa la maadili limefanywa kwa kugawa vifaa tu, bila sentensi moja ya mahubiri.

Raba zile nazo zina mantiki yake. Awali zilikuwa zawadi kwa Percy, lakini Percy ni mtoto wa Poseidon na hana usalama angani, kwani anga ni milki ya Zeus. Ndiyo maana anampa Grover. Sheria ya kale ya mgawanyo wa dunia kati ya Zeus, Poseidon na ndugu yao wa tatu ndiyo inayoamua nani avae viatu gani.

Kasoro ipo, na kuikwepa si haki kwa Medusa. Kitabu kinampa sentensi chache tu za kueleza aliyotendewa, tena kwa lugha iliyolainishwa kwa ajili ya watoto, halafu kichwa kinaondoka. Tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Disney+ Desemba 2023, ambayo Riordan mwenyewe alishiriki kuiandaa, ilimpa nafasi ndefu ya kujieleza, na mtazamaji akatoka hana uhakika tena nani mnyama pale mezani. Mwandishi aliyekubali kurudi kwa mhusika wake miaka 18 baadaye na kumwongezea muda wa kusema anaijua kazi yake.

Ukishaona jinsi Medusa alivyojengwa, wengine wanajifungua wenyewe. Charon, mvushaji wa roho, yuko mapokezi ya studio ya kurekodi muziki Los Angeles, amevaa suti za Kiitaliano, analalamikia mshahara. Tangu kale kazi yake ilikuwa kudai nauli. Procrustes, aliyekuwa akiwanyoosha na kuwakata wageni wawe sawa na kitanda, anauza vitanda vya maji. Anayemlaza kwenye kitanda chake mwenyewe ni Percy, kama alivyofanya Theseus, ambaye katika mapokeo fulani naye ni mtoto wa Poseidon. Wala-loto wa Homer, waliowasahaulisha mabaharia safari ya kurudi kwao, wana hoteli ya kamari Las Vegas. Dionysus amepigwa marufuku ya mvinyo kwa adhabu ya Zeus, anakunywa soda isiyo na sukari na kusimamia kambi ya watoto asiojali hata majina yao. Katika kila mmoja, njaa ya zamani imetafutiwa ajira mpya.

Swali zito zaidi ambalo Riordan aliliona ni la watoto wenyewe. Visasili vimejaa watoto wa miungu, lakini ni nadra kuvisikia vikiuliza mtoto huyo alilelewa na nani, na alijisikiaje baba alipokosekana. Katika kambi ya watoto hao kuna mabanda 12, moja kwa kila mungu mkuu. Banda la Hera liko tupu, maana mungu wa ndoa hazai nje. La Hermes limefurika, kwa sababu ndiye mlinzi wa wasafiri, na humo hulazwa sakafuni watoto wote ambao wazazi wao wa kimungu hawajajitokeza kuwatambua. Sifa za miungu zinazokaririwa shuleni zimekuwa mpango wa malazi, na mpango huo unazaa hasira. Luke, mtoto wa Hermes anayewageuka wenzake, ametokea katika banda hilo. Hata udhaifu wa darasani umepata mizizi: akili ya Percy inaruka kwa Kiingereza kwa kuwa imeumbwa kusoma Kigiriki cha kale, na kutotulia kwake ni wepesi wa mpiganaji. Mtoto mwenye disleksia anayesoma ukurasa huo anajikuta upande wa mashujaa.

Wako wanaonuna kwamba haya ni kuchezea urithi wa watu. Wagiriki wenyewe wangewashangaa. Mwaka 415 K.K. Euripides alimleta jukwaani Helen aliyekwenda Troy na kulaumiwa kwa maangamizi yote. Mwaka 412 K.K., mwandishi yuleyule akaleta Helen mwingine, ambaye hakukanyaga Troy hata siku moja. Alikuwa Misri muda wote wa vita, na watu walichinjana kwa ajili ya kivuli. Kile kisa maarufu cha kisigino cha Achilles nacho Homer hana habari nacho. Katika Iliadi, Achilles anachubuliwa mkono kwa mkuki na damu inamtoka. Habari za kuchovywa kwake katika mto Styx tunazipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 B.K.

Riordan aliufikia mto huo katika The Last Olympian, kitabu cha tano. Percy anazama Styx, na inambidi achague sehemu moja ya mwili ibaki laini, imfungamanishe na uhai. Anachagua kiunoni kwa nyuma, mkabala na kitovu. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapo bila kumkumbuka Fumo Liyongo, ambaye chuma hakikumdhuru mpaka mwanawe alipomchoma sindano ya shaba kitovuni. Sidhani kama mmoja alimsikia mwenzake. Wasimulizi wanaofikiri kwa makini juu ya shujaa asiyeuawa hukutana mahali palepale, pale mtu alipokuwa ameungwa na mama yake. Na Percy, kabla ya kuingia mtoni, analazimika kwanza kuomba baraka za mama.

Mama huyo ndiye kazi bora ya Riordan, ingawa hasifiwi sana kwa sababu hana nyoka kichwani. Katika kisasili, mama wa Perseus ni Danaë. Baba yake, mfalme Acrisius wa Argos, anamfungia kwenye chumba cha shaba kwa kuogopa utabiri. Zeus anamjia kama mvua ya dhahabu. Baba anawatia yeye na mtoto sandukuni na kuwatupa baharini. Wanatupwa pwani ya kisiwa cha Seriphos, ambako mfalme Polydectes anamtaka kwa nguvu na kumtuma Perseus akalete kichwa cha Medusa ili amwondoe njiani. Perseus anarudi nacho, anamgeuza Polydectes jiwe, mama anaokoka. Hesabu vitenzi: Danaë anafungiwa, anajiwa, anatupwa, anatakwa, anaokolewa. Hafanyi lolote.

Riordan ameifuata ramani hiyo nyumba kwa nyumba. Sally Jackson anaishi na Gabe, mcheza karata mchafu anayemnyanyasa na kumpiga. Anamvumilia kwa sababu moja: uvundo wa mwanamume huyo unaficha harufu ya Percy isifikie pua za wanyama wabaya. Tayari hapo Danaë amekuwa mtu wa kukata shauri. Amechagua gereza lake kwa ajili ya mwanawe. Percy anaporudi nyumbani, kichwa cha Medusa kiko ndani ya kisanduku, na Gabe yuko mezani na wenzake. Msomaji wa visasili anajua kinachofuata. Percy anakijua pia, na mkono unamwasha. Ila mama anamzuia: maisha yake atayaokoa mwenyewe. Kijana anaondoka na kumwachia kisanduku.

Habari zilizobaki zinakuja kwa barua. Gabe ametoweka. Sally amemuuzia mkusanyaji sanaa sanamu ya mtu mzima anayecheza karata, na fedha hizo zimemlipia amana ya nyumba na karo ya chuo kikuu. Jiwe ni lile lile la Seriphos. Aliyelishika ndiye aliyebadilika.

Tamthilia ya 2023 ilisita hapo. Gabe anafungua kisanduku mwenyewe kwa umbea wake na kugeuka jiwe, mikono ya Sally ikiwa safi. Naelewa kwa nini. Kuonyesha mama akimuua mumewe katika kipindi cha watoto ni kazi. Hata hivyo kitabu kilikuwa sahihi zaidi. Kumtakasa Sally ni kumrudisha kwa Danaë, mwanamke ambaye mambo humtokea. Riordan wa 2005 alimwamini hata akamwachia uamuzi wenye damu, akamwachia pia kunufaika nao, na hakumwadhibu kwa hilo. Sally akaenda darasani kujifunza uandishi, kwa sababu tangu mwanzo wa kitabu alichokuwa akikitaka ni kuandika riwaya yake mwenyewe.