Madoa ya Kofia ya Chui

Watu wa rika langu hapa Mumosho wakikumbushana televisheni ya utotoni, mmoja atataja uso wa Rais Mobutu ukishuka kutoka mawinguni kabla ya habari za OZRT, televisheni ya taifa ya Zaire, mwingine atataja povu la bia ya Primus likipanda kwenye glasi. Mimi hukumbuka kwanza mikono ya fundi. Mitambo ya Ruzizi II ilianza kutoa umeme mwaka 1989, pale pale kwetu mtoni, na nyaya zikapita juu ya migomba kwenda mbali. Nyumbani tuliendelea na koroboi. Televisheni moja tuliyokuwa tukiikusanyikia, ndogo, ya nyeusi na nyeupe, ilitumia betri ya gari ya volti 12.

Fundi alifika mapema, jua likiwa bado kali, na hakuwahi kuanza na televisheni. Alianza na betri, iliyokuwa imetoka Bukavu kuchajiwa, ikiwa imefungwa nyuma ya baiskeli. Vichwa vyake vya risasi vilikuwa vimeota ukoko mweupe wenye ukijani. Alivimwagia maji ya moto kidogo kidogo, akavisugua kwa mswaki mkuukuu, akavikausha, kisha akavikwangua kwa kisu mpaka risasi ikang'aa. Ndipo akakaza vibanio na kupaka grisi juu yake, nyembamba, kwa kidole kimoja.

Kuna siku sauti ilikuwa imepotea. Alifungua kifuniko cha nyuma, akapanga skrubu kwenye kisahani kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, na hapo akatusogeza nyuma kwa mkono, bila kufoka. Kioo cha televisheni kama ile hubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Alifunga waya kwenye shina la bisibisi, akaunganisha upande wa pili na fremu ya chuma, akapenyeza ncha chini ya kofia ya mpira iliyobandikwa kwenye kioo. Ta! Cheche moja ya buluu. Akasubiri, akarudia, safari hii kimya. Nimeona mafundi wengi tangu siku ile, na wachache sana hurudia mara ya pili.

Waya wa spika ulikuwa umeachia. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, akakilaza kwenye makaa ya mbabula, jiko la mkaa la mama mwenye nyumba. Alikijaribu kwa kukigusisha uzi wa risasi: ulipokunjamana bila kuyeyuka, alikirudisha motoni, ulipotiririka kama tone la maji, alikishusha kwenye kiungo, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, akakiinua. Hakupuliza. Aliacha kiungo kipoe chenyewe, kisha akakiinamia kukitazama. Kikiwa na rangi ya majivu, alituambia, hakijashika. Hiki kilimetameta.

Antena ilikuwa ya mabomba membamba ya alumini, juu ya mwanzi mrefu kuliko nyumba. Waya wake bapa aliumenya kwa wembe, akasokota nyuzi, akazifunga kwa utepe uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, ili mvua isiingie. Kijana mmoja alishika mwanzi nje, sisi tukajipanga mlangoni kupitisha sauti.

"Papa Fundi, inakuja?"

"Bado. Musisukumane, batoto. Zungusha... kidogo... apo apo! Acha apo!"

Picha ilikuja kama mchanga, kisha vivuli, kisha ikaanza kupanda juu bila kukoma. Aliirudisha kwa kitufe kidogo cha nyuma, akikizungusha kwa upana wa ukucha. Sisi tulishangilia uso ulipotokea. Yeye alikuwa akitazama kofia ya Mobutu, ile ya ngozi ya chui. Madoa yakiwa yamegandamana, alimwita tena kijana wa mwanzi. Hakuketi mpaka kila doa lilipojitenga na jirani yake.

Tarehe 23 Juni 1990, Kameruni ilicheza na Kolombia mjini Naples, katika Kombe la Dunia. Mechi ilianza saa kumi na moja jioni, saa ile ile Naples na kwetu. Mapumziko yalipofika, fundi aliizima televisheni. Tulilia, maana ndipo tulipotarajia matangazo: ile bia iliyokuwa ikipikwa Bukavu, sabuni, na mama anayeanika nguo nyeupe huku akicheka. Tuliyajua kwa moyo, tuliyaigiza mtoni. Alituacha tulie. Aliweka kiganja juu ya betri, akaisikiliza kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Dakika 90 ziliisha bila bao. Nje giza lilikuwa limeingia, na picha ilianza kusinyaa pembeni, pindo jeusi likiisogelea kutoka kila upande. Fundi alipunguza mwanga, akapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono, akatoa balbu ndogo aliyokuwa ameiunganisha kwenye betri hiyo hiyo. Wazee walisogeza viti. Hakuna aliyesema neno. Katika dakika ya 106 Roger Milla wa Kameruni alifunga. Dakika mbili baadaye alimpokonya kipa wa Kolombia, Higuita, mpira mbali na lango na kufunga tena, na tuliona yote hayo kwenye picha isiyozidi daftari la shule, hafifu, imetulia, haikupanda hata mara moja.

Watu walimwagika nje wakiimba. Yeye alikuwa amepiga goti, akilegeza vibanio, kwanza kimoja, kisha kingine.