Kidonge Kimoja, Udongo wa Aina Mbili

Mtu aliyeshikwa na kiuno hupaka jeli ya diklofenaki, hujisugua, kisha huenda kunawa mikono. Katika dawa aliyopaka, inayopenya ngozi na kuingia mwilini ni takriban asilimia 6 tu. Iliyobaki huishia kwenye maji ya kunawa, kuoga na kufulia. Aliyemeza kidonge naye huitoa dawa kwa mkojo na choo, nyingine ikiwa imeshabadilishwa na ini, nyingine ikiwa vilevile. Zote hukutana katika bomba moja la majitaka.

Mabwawa yetu ya majitaka yalijengwa kwa kazi nyingine: kuzamisha uchafu mzito, kuwapa bakteria uchafu wanaoweza kuula, na kupunguza vijidudu vya magonjwa. Dawa iliyoyeyuka haizami, na nyingi haziliwi upesi. Ndiyo maana watafiti waliopima Mto Nairobi walikuta humo nevirapini na zidovudini, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, pamoja na antibayotiki ya sulfamethoksazoli.

Miongoni mwa njia zinazojaribiwa kuondoa mabaki hayo ni udongo wa mfinyanzi uliofanyiwa marekebisho. Inakuwaje kitu kinachochafua maji kikayasafisha? Si kwa kuchuja. Molekuli ya diklofenaki ni ndogo mno, hupita penye mchanga na kitambaa bila kujikwaa. Kinachoinasa ni chaji ya umeme.

Karatasi zenye upungufu

Montimorilonaiti, madini makuu ya bentonaiti, imepangika kama kurasa za kitabu. Kila ukurasa una unene wa karibu nanomita 1: tabaka la alumini katikati, limebanwa na matabaka mawili ya silika. Katika kuumbika kwake, hapa na pale magnesiamu ilikalia kiti cha alumini. Alumini huja na chaji chanya tatu, magnesiamu mbili. Hesabu haikutimia, na ukurasa mzima ukabaki na chaji hasi.

Ioni za sodiamu na kalsiamu hukaa kati ya kurasa kuziba pengo hilo, lakini ni kama wapangaji: ikija ioni nyingine chanya yenye mshiko zaidi, huipisha. Gramu moja ya udongo ina nafasi za kupangisha zipatazo milimoli 0.8, na kurasa zake zote zikikunjuliwa hufunika eneo linalozidi kiwanja cha netiboli.

Kwa hiyo udongo mbichi huzishika vizuri dawa zenye chaji chanya. Shida ni kwamba diklofenaki ni asidi. Kipimo cha pH kikishapita 4 hivi, huanza kuwa hasi kwa wingi, na maji ya mito mingi yako karibu na 7. Udongo hasi, dawa hasi: vinasukumana. Ukimwaga bentonaiti mbichi kwenye maji hayo utapata tope, na dawa itabaki palepale.

Kugeuza uso wa udongo

Timu ya Shlomo Nir ya Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem ilitafuta namna ya kuugeuza udongo uwe chanya. Kiungo walichotumia huitwa ODTMA, chumvi ya jamii ya amoniamu yenye kichwa chanya na mkia mrefu wa kaboni 18, wenye tabia ya mafuta. Wasusi wanaijua bila kujua jina lake, kwa kuwa chumvi za jamii hii zimo katika kondishena nyingi. Nywele nazo zina chaji hasi. Kichwa hushika unywele, mkia huulainisha.

Kuuvisha udongo mikia ya namna hii si jambo jipya. Upya wa kazi ya Nir ulikuwa katika kipimo. Ukitia ODTMA kidogo, molekuli huingia moja moja kati ya kurasa. Ukivuka takriban milimoli 0.3 kwa lita, hujikusanya kwa makumi kuwa vitufe viitwavyo miseli: mikia inakimbilia ndani kuyakwepa maji, vichwa vinabaki nje. Udongo ukikorogwa katika maji yaliyojaa miseli, hubeba molekuli nyingi kuliko nafasi zake za kupangisha. Vichwa vilivyozidi havina hasi ya kuvituliza, hivyo udongo wote unakuwa chanya.

Sasa diklofenaki ikipita inashikwa mara mbili. Chaji yake hasi inavutwa na vichwa, na sehemu yake inayopenda mafuta inajipenyeza kwenye mikia. Mshiko huo wa pili ndio unaofanya dawa isiachie kirahisi.

Ilibaki shida ya kifundi. Unga huo ni laini mno, na ukiujaza peke yake kwenye bomba maji hayapiti. Suluhisho lilikuwa la kawaida kabisa: kuuchanganya na mchanga. Mwaka 2006 timu hiyo ilionyesha kuwa mchanganyiko wa namna hiyo unanasa antibayotiki za tetrasaiklini na za jamii ya sulfa. Mwaka 2012 Rafik Karaman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Al-Quds waliujaribu kwa diklofenaki, gramu moja ya udongo kwa gramu 50 za mchanga. Bomba lao liliinasa karibu dawa yote.

Panapokwama

Tuchukue kidonge kinachojulikana kila zahanati, kotrimoksazoli, ambacho wengi hukiita Septrin. Ndani yake mna miligramu 400 za sulfamethoksazoli na 80 za trimethoprimu. Katika maji ya pH 7 sulfamethoksazoli huwa hasi, lakini karibu nusu ya molekuli za trimethoprimu huwa chanya. Udongo uliogeuzwa unaivuta ya kwanza na kuisukuma ya pili. Udongo mbichi unafanya kinyume chake. Nevirapini haina chaji, kwa hiyo kwake iliyobaki ni mikia ya mafuta tu. Kidonge kimoja kinadai udongo wa aina mbili, na mto umebeba vidonge vya mji mzima.

La pili ni ODTMA yenyewe. Ikibanduka kutoka kwenye udongo hudhuru samaki na mwani, hivyo bomba linahitaji tabaka jingine baada ya udongo, kwa mfano la kaboni amilifu, kudaka kinachovuja. Na gharama iko kwenye chumvi hiyo kuliko kwenye udongo. Hoja kwamba ardhi yetu ina madini haya haitoshi: eneo la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lina sepiolaiti iliyowahi kuchongwa viko vya tumbaku, lakini nafasi zake za kupangisha ni chache kuliko za montimorilonaiti.

Kwa hiyo mtu akikuletea udongo unaosafisha dawa, muulize umejaribiwa katika maji gani, kwa sababu majitaka yana chumvi na mabaki ya majani yaliyooza yanayogombea nafasi zilezile. Muulize pia udongo uliokwisha kushiba dawa unapelekwa wapi. Mahali panapofaa kuutumia udongo huu si mtoni, ambako dawa imeshatawanyika, bali kwenye bomba la hospitali au kiwanda, ambako dawa ni nyingi, maji ni machache, na aina za dawa zinajulikana.

Na aliyepaka jeli ya kiuno anaweza kufuta mikono kwa karatasi kabla ya kunawa, akaitupa kwenye takataka. Dawa iliyobaki kwenye karatasi haihitaji miseli wala mchanga kuinasa.