Weupe wa Lucia, Weupe wa Sanda

Kila tarehe 13 Desemba, giza la majira ya baridi likiwa bado zito, maandamano ya mishumaa hupita katika shule na makanisa ya Södertälje, mji wa viwanda kusini-magharibi mwa Stockholm, kama yanavyopita kote Sweden. Anayetangulia huitwa Lucia: vazi refu jeupe, utepe mwekundu kiunoni, taji la mishumaa kichwani. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na tukio hili katika riwaya ya Kiswidi huiona kazi yake kuwa nyepesi. Vazi ni jeupe, weupe ni usafi, basi. Wepesi huo ndio wa kutiliwa shaka.

Utepe mwekundu ni damu. Lucia wa Syracuse, kisiwani Sicily, anakumbukwa kama shahidi aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwanzoni mwa karne ya 4. Vazi lake, basi, ni la mtu aliyekwisha kutolewa kwa kifo. Akiandika “kanzu nyeupe”, mfasiri anamletea msomaji wa Mombasa au Unguja picha ya mwanamume anayekwenda sala ya Ijumaa. Akiandika “vazi la usafi”, anaipoteza damu.

Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya rangi inayopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zimeazimwa kwa vitu: majani, manjano, kahawa. Mzizi wa kale kama huu haubebi rangi peke yake. Kukipambazuka huwa kweupe. Lililo hadharani liko peupe. Moyo mweupe hauna kinyongo, na mwanafunzi aliyeingia mtihanini bila kusoma ni mweupe kabisa, hana kitu kichwani. Nuru, uwazi, utupu: usafi ni tawi moja tu la mti huu. Matawi yote hukutana katika sanda, bafta isiyo na pindo wala mfuko, anayofungwa tajiri sawa na maskini.

Hapa Kiswidi kiko karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kanuni ya vitabu vya shule, kwamba Ulaya huomboleza kwa nyeusi na Mashariki kwa nyeupe, inavunjika katika mazishi ya Kiswidi, ambako desturi huwapa wanaume wa karibu wa marehemu tai nyeupe, na wengine nyeusi. Nyeupe huko ni alama ya ukaribu na maiti. Mfasiri aliyekulia mwambao angepaswa kuitambua upesi kuliko yeyote.

Lakini weupe wa Sweden una historia nyingine pia. Mwaka 1735 Carl Linnaeus, katika *Systema Naturae*, aliwagawa binadamu kwa mabara na rangi, na Mzungu akapewa weupe. Tangu hapo rangi ya kitambaa na rangi ya ngozi zimekuwa zikichanganywa. Desemba 2016 tangazo la duka kubwa la Kiswidi lilimwonyesha mtoto mwenye ngozi nyeusi akiwa Lucia. Matusi yalimiminika mtandaoni hadi tangazo likaondolewa. Waliotukana walikuwa wamesahau kwamba shahidi wao alitoka Mediterania.

Kiswahili nacho hakina mikono misafi: mkorogo unauzwa, na “mweupe” ni sifa ya bibi arusi. Hata hivyo mweupe huyo mara nyingi ni Mwafrika wa maji ya kunde. Mswidi huitwa Mzungu, neno ambalo wengi hulihusisha na kuzunguka. Lugha imemtaja kwa mwendo wake, si kwa ngozi. Kumwita “mtu mweupe” katika tafsiri, kama inavyozoeleka sasa, ni kumkabidhi Linnaeus kalamu.

Södertälje inalifanya suala hili kuwa la leo. Tangu 1967 mji huo umepokea Waashuri na Wasiriani, Wakristo wa Mashariki ya Kati ambao kanisa lao ni kongwe kuliko Ukristo wa Sweden. Wajukuu wao nao hukua na mishumaa ya Lucia. Mfasiri atakayeandika “vazi refu la bafta” atakuwa amechagua neno linalofaa kwa msichana anayeimba na kwa shahidi anayekwenda kufa, bila kusema lolote kuhusu ngozi ya aliyelivaa.